Tulivyomfuata Mjusi wa Tendaguru

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Shikamooni wazee wangu. Ninyi vijana mlioko nyuma, sogeeni mbele. Kipaza sauti hatuna, na kifua changu cha ualimu kimestaafu pamoja nami.

Nimeombwa niseme safari ya kikundi, tena ya nchi ya mbali, inamfaa nini mtu mmoja mmoja. Wengi hapa Lindi hunijibia: gharama zinapungua. Labda kidogo. Sisi tulikuwa kumi na mmoja, tukachanga miaka mitatu kwenye kikoba chetu. Viza ya Ulaya ikataka kila mtu na bima yake ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, kila mtu na taarifa yake ya benki. Hakuna bei ya jumla pale. Hesabu tuziache.

Tulikwenda Berlin, Ujerumani, kumwona mjusi wetu, yule dinosaria mkubwa wa kale. Mifupa yake ilichimbwa kilima cha Tendaguru, mkoani kwetu Lindi, katika kazi ya Wajerumani ya 1909 hadi 1913. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka kule zikabebwa na watu, mwendo wa siku kama nne kwa miguu, mpaka bandarini hapa. Tangu 1937 mjusi amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho, kimo chake kinapita mita 13. Nimefundisha habari hizo zaidi ya miaka thelathini, nikajiona namjua.

Ningekwenda peke yangu ningesoma kibao, ningepiga picha, ningetoka kutafuta chai. Lakini tulikuwa na mama mmoja mkulima wa korosho. Yeye vibao hakuvijali. Alisimama kwenye mguu wa mbele, penye mfupa mmoja tu unaozidi urefu wa mtu, akaniuliza, "Mwalimu, huu walibeba wangapi?" Nikababaika. Akavua mtandio, akaukunja ngata, akauweka kichwani, akanyoosha shingo kama anayepokea mzigo. Walinzi wakamtazama. "Siku nne," akasema. "Na maji walikunywa wapi?"

Maji! Miaka yote ile darasani sikuwahi kuuliza, wala mwanafunzi hakuniuliza.

Basi mzee mmoja wa kikundi, Mmwera, jirani yangu wa mtaa mmoja kwa miaka ishirini, akaanza kusimulia. Babu yake alikuwa akitaja mizigo ya mawe ya Wajerumani, na bega lililobaki na kovu. Tumezika pamoja, tumeoza watoto pamoja, hajawahi kunigusia. Nilipomwuliza kwa nini, akasema, "Nyumbani nani angeniuliza?" Nilisafiri zaidi ya kilomita 7,000 kusikia habari ya nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Sisemi kikundi ni raha tupu. Kuna anayekoroma. Kuna aliyeshuka kituo sicho, tukamtafuta nusu siku, naye tulimkuta anakula mkate kwa utulivu kuliko sisi. Wazee husema humjui mtu mpaka usafiri naye. Mimi nilijijua pia, kwamba hasira zangu ziko karibu sana.

Jioni tulibishana: mjusi arudi au abaki? Tulikuwa na muda, maana mwezi wa sita kule Berlin sala ya Magharibi huingia saa tatu na nusu usiku. Mvuvi wetu akauliza tutamweka jengo gani. Kijana wetu akasema kwanza turudishe majina. Nikamtajia Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye mwaka 2007 wataalamu walimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina lake: *Australodocus bohetii*. Kijana akaliandika kiganjani kwa kalamu. Kesho yake asubuhi nilimwona ananawa mkono mmoja tu.

Maswali sasa. Ya mifupa niulizeni mimi. Ya mizigo, yule mama amekaa pale karibu na mlango, na mtandio wake ni uleule.