Fungua Hukumu Yenyewe

Assalaam aleikum. Mlioko mlangoni songeni ndani, nafasi ipo.

Kila nikija Lamu vijana huniuliza jambo lilelile: wahakiki wa majarida ya sheria, yaani wajuzi wanaopewa makala wayapime kabla hayajachapishwa, hutafuta nini? Mwataka niseme "hoja mpya". Mimi nasema tanbihi. Naam, yale maandishi madogo chini ya ukurasa.

Kuna mhariri aliwahi kuniletea makala, jina la mwandishi limefutwa, kuhusu hukumu ya 2018 ya wavuvi wa hapa na bandari, ile ya fidia ya shilingi bilioni 1.76. Lugha tamu! Nusura nimsomee mke wangu, nikakumbuka muswada ni amana. Ukurasa wa tatu: "Mahakama iliamua kwamba...", na nambari ya aya. Nikafungua hukumu. Aya ipo, maneno yapo vilevile. Ila msemaji si mahakama. Ni wakili wa wavuvi, hoja zake zimeelezwa pale kabla mahakama haijaanza kuzipima. Mwandishi kachukua ombi kalifanya uamuzi! Na kurasa kumi zilizofuata zote zimelalia aya ile, kama dari juu ya boriti iliyoliwa na mchwa.

Mtasema hiyo ni kazi ya mhariri. Wapi! Mhariri hutazama kama makala yanafaa jarida lake, kisha huyapeleka kwa watu wawili hivi wanaoijua fani. Mwingine ataniambia Marekani wanafunzi ndio wahariri. Kweli, Harvard Law Review ilianzishwa na wanafunzi mwaka 1887, na hadi leo wao ndio huchagua makala na kukagua tanbihi moja moja. Wenzetu wana jeshi. Jeshi langu ni miwani hii.

Tena huko hutuma makala kwa majarida mengi kwa mpigo. Kwenye majarida ya wahakiki usijaribu, ni moja moja.

Haya, upesi. Kufuta jina ili mhakiki asikujue hakutoshi ukiandika "kama nilivyoonyesha katika makala yangu ya awali". Sheria za bahari pwani hii twaziandika wangapi? Twajuana. Majibu ya jarida kuhusu makala: yakubaliwe, yarekebishwe kidogo, yarekebishwe sana, au yakataliwe. Ukipata la tatu usilie, mlango bado uko wazi. Jibu kila hoja ya mhakiki kwa barua, hata ile unayoikataa.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kuzungumzia malipo ya mhakiki. Kwa kawaida hayapo, basi tumeokoa dakika tano.