Mpira umechomoka, ulikuwa wa wapi? Kutafuta njia za vakyumu kwenye dizeli ya zamani

Wadau karibuni, sogeeni huku kivulini, na nyie wa nyuma mkizidiwa na kelele za mashine ya kusaga hapo jirani semeni nipaze sauti. Wazee wangu shikamooni. Leo nina jambo moja tu la kuongea, na nimelileta kwa sababu naliona kila wiki hapa Arusha: mtu anafungua boneti la dizeli ya zamani, anakuta kipaipu chembamba cha vakyumu, yaani cha mvuto wa hewa, kinaning'inia, hakina mwenyewe, anakichomeka kwenye tundu la kwanza analoliona liko wazi, anafunga boneti anaondoka. Wengine hata hawachomeki, wanakipiga msumari kinywani basi. Sasa hicho kipaipu kilikuwa na kazi, na mpaka ujue kazi yake hujatengeneza kitu.

Tuanzie mbali kidogo ili twende sawa. Injini ya petroli ina kisahani kwenye njia ya hewa, ukiachia mafuta kile kisahani kinafunga, pistoni zinavuta hewa haipo ya kutosha, kwahiyo kwenye manifoldi, ile njia ya kuingizia hewa kwenye injini, panakuwa na mvuto mkubwa wa bure na breki zinautumia huo huo. Dizeli nyingi za zamani hazina hicho kisahani, hewa inaingia wazi muda wote, mwendo unaongozwa na kiasi cha dizeli inayopigwa, ndo maana mvuto haupo na wakalazimika kuweka pampu ya vakyumu. Kwenye Hilux zenye injini za 2L na 3L utaikuta mgongoni mwa oltaneta, ina mipira yake ya oili ya kuingia na kurudi. Kwenye Benzi za W123, zile 240D na 300D zilizoanza kutoka 1976, pampu imekaa mbele ya injini. Chanzo ni hicho kimoja, na matawi yote yanakula hapo.

Na hapa kuna kitu vijana waliojifunzia kwenye petroli kinawapoteza sana. Kwenye petroli mpira wa vakyumu ukichomoka sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, inabadilika, injini inatetemeka, unapulizia dawa ya kabureta pale unaposhuku, mlio ukibadilika umepata. Kwenye hizi dizeli hiyo njia haifanyi kazi! Hewa inayovuja inaenda kwenye pampu na kutoka hapo inaishia kwenye karta ya injini, kule chini kwenye oili, haiendi kuchomwa, kwahiyo injini inaendelea kunguruma vizuri tu kama hakuna kilichotokea. Ukipulizia ile dawa unakuwa unapeleka kitu kinachowaka kwenye karta yenye joto, tafadhali msifanye.

Kwahiyo dizeli haikwambii kwa mlio, inakwambia kwa kazi iliyokufa. Uliza kwanza ni nini kimeacha kufanya kazi. Pedali ya breki imekuwa ngumu kama jiwe? Hilo ni tawi la busta, kile kikopo kikubwa kinachousaidia mguu kwenye breki, linapita kwenye ule mpira mnene. Unatoa ufunguo gari haizimi? Kwenye Benzi hizi injini inazimwa na vakyumu, mvuto unapita nyuma ya swichi ya ufunguo unaenda kwenye kikopo kilichopo kwenye pampu ya dizeli, kinavuta, dizeli inakatwa. Mvuto ukikosekana injini itaendelea hata ukiondoka na ufunguo mfukoni, mpaka ukabonyeze ule mkono ulioandikwa STOP chini ya boneti. Milango haijifungi yote kwa pamoja, hilo ni tawi la loki. Gari ya otomatiki inabadilisha gia kwa kishindo, kuna tawi linaloenda kwenye gia boksi. Kiwandani walipaka hata rangi, kahawia ni ya kuzimia, njano ya milango, kijani ya hita na ubaridi, ila gari la miaka arobaini limepita mikono mingi na rangi zimepauka, mi naangalia rangi lakini nafuata kipaipu kwa kidole mpaka mwisho wake.

Sasa niwape kisa. Mzee wetu mmoja wa Moshi alikuja na 300D ya gia za kawaida, miezi mitatu alikuwa anaizimia gari kwenye gia, anaweka ya nne anakanyaga breki anaachia klachi. Gereji ya kwanza ilimbadilishia swichi ya ufunguo, hela ikaenda, gari ikazima siku mbili ikarudi kule kule. Nilichofanya ni hiki: nilianza kwenye pampu. Nikaziba matawi yote madogo, nikaweka geji ya kupima mvuto kwenye chanzo, namba ikapanda ikatulia, maana yake pampu nzima. Nikarudisha kahawia peke yake, mzee akageuza ufunguo, injini ikazima pale pale, puu. Yule mzee alishuka akasimama anaiangalia tu. Nikarudisha ya kijani, inazima. Nikarudisha ya njano, geji ikaporomoka, na ufunguo ukawa hauna kazi tena.

Yani injini ilikuwa haizimi kwa sababu ya mlango! Tukafuata njano mpaka kwenye buti, hapo matawi ya milango yanagawanyika, nikayajaribu moja moja kwa sirinji, na mlango wa nyuma kushoto ndo ukakataa. Tulipofungua kadi ya mlango, lile bamba la ndani, tukatoa kikopo kinachovuta loki, ndani kuna ngozi ya mpira nyembamba, ukiishika usawa wa jua unaona ufa hauzidi ukucha wa kidole kidogo. Ufa huo ndo ulimfanya mzee wa watu azimie gari kwenye gia miezi mitatu.

Hiyo sirinji niliyotaja sio utani. Geji ya mkono ni nzuri, ukiipata nunua, ila usipokuwa nayo chukua sirinji kubwa ya duka la dawa, ile ya mililita 60, iunganishe na kipande cha mpira, vuta, subiri ukihesabu mpaka ishirini, halafu achia. Ikirudi yenyewe kwa nguvu mpaka karibu mwanzo, njia ni nzima. Ikibaki pale pale ulipoivuta, hewa imeingia, kuna tundu. Msivute kwa mdomo jamani, ngozi ya kile kikopo cha kuzimia ikipasuka inavuta oili ya injini mpaka ndani ya kipaipu. Na hiyo yenyewe ni dalili: ukichomoa kahawia ukakuta oili ndani usihangaike na mipira, kikopo kimekufa.

Lingine la huku kwetu. Kitabu cha Ulaya kinakupa namba za usawa wa bahari. Hewa ya Dar inasukuma karibu inchi 30 za zebaki, Moshi kama 27, Arusha mjini tuko kama mita 1,400 ni 25 na kidogo. Pampu haiwezi kuvuta zaidi ya hewa iliyopo, kwahiyo ukisoma 22 hapa usimwambie mtu pampu imechoka, hiyo iko vizuri kabisa. Nimeona pampu nzima zinatupwa kwa kosa hili, inaniuma kweli.

Dada ameuliza kama anaweza kuziba tawi la milango aendelee na safari. Ndio, ziba, funga milango kwa ufunguo mpaka upate kikopo. Tawi la busta ndo usilichezee. Gari likiwa limezimwa kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie hivyo hivyo, washa. Pedali lazima izame kidogo chini ya mguu. Isipozama usishuke ile milima ya kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu ukiwa na watu, hata kama wanakulipa dola.

Na mpira unaobadilisha uwe wa vakyumu, wenye ukuta mnene. Ule laini wa kupitishia petroli ukipata joto unanywea, unajibana wenyewe kwa ndani, nje unaonekana mzima na ndani hamna njia.

Haya, hii 240D hapa mwenyewe ameruhusu, asubuhi nimechomoa vipaipu viwili bila kumwambia mtu. Nani ana sirinji? Njoo wewe kijana, anza kwenye pampu.