Ndani ya jumba la tajiri wa sukari, Bristol

Haya, ndugu zangu wa Jinja, Kampala, Arua na kokote mnakonitazama, karibuni. Leo niko Bristol, magharibi mwa Uingereza. Mtaa huu wa mlimani ni Great George Street, na jumba hili lilijengwa karibu mwaka 1790 kwa ajili ya John Pinney, tajiri wa sukari. Sasa ni makumbusho, kuingia bure. Twendeni.

Vyumba vya juu tuvipite tu, uzuri wake mnauona wenyewe. Mimi nataka tushuke chini, jikoni, walikoshinda watumishi. Na huku, tazameni: bwawa la maji baridi la kujizamisha mwenye nyumba! Humu humu ndani, enzi zile!

Pesa zilitoka Nevis, kisiwa cha Karibi, kwenye shamba la miwa lililolimwa na Waafrika watumwa. Nyie mliokulia Kakira miwa mnaijua, jani lake linavyochana mikono. Sasa ifikirieni kazi hiyo bila mshahara, na mtoto unayemzaa ni mali ya mwenye shamba.

Mwaka 1765 Pinney alimnunua mvulana wa miaka 12, Pero, pamoja na dada zake wadogo, Nancy na Sheba. Pero akafundishwa unyozi, hata kung'oa meno. Familia ilipohamia Uingereza mwaka 1783 ilikuja naye. Yupo pia Fanny Coker, mtumishi wa kike waliyekuja naye. Yeye alikuwa ameshaachiwa huru tangu 1778. Pero akatumikia mpaka alipofariki mwaka 1798, na uhuru hakupewa. Mtu anakushikia wembe shingoni miaka yote hiyo, unamwamini, halafu unakataa kumwachia! Hapo nimesimama muda mrefu, jamani.

Tumeteremka bandarini sasa. Zamani meli zilipanda mto Avon hadi hapa katikati ya mji. Maji yakipwa, zilikwama topeni, ndiyo maana mwaka 1809 wakayazuia kwa malango yasitoke. Baadaye meli zikawa kubwa kuliko mto, biashara ikahamia Avonmouth, baharini. Wazee wa Busoga wataikumbuka bandari yetu ya Namasagali, treni ya Jinja ilipokutana na meli za Nile.

Na hili daraja lenye pembe mbili kubwa, la waenda kwa miguu, lilifunguliwa mwaka 1999. Linaitwa Pero's Bridge. Daraja la Pero! Limenigusa kuliko samani zote za kule juu.

Nawaomba kitu, watu wa Jinja. Zile nyumba za zamani za wafanyabiashara Wahindi, Main Street na mitaa ya jirani, zilikuwa na wapishi, mayaya, askari wa usiku. Baadhi yao au watoto wao bado wapo. Waulizeni majina, muyaandike hapo chini kwenye maoni. Video ijayo nitayasoma yote, jina kwa jina.