Nyumba Zetu Ziandikwe Zote

Assalamu alaykum wazee wangu, masharifu, kina mama na vijana.

Tumekaa ndani ya ngome ya Amu, yaani Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, ikawa gereza mpaka 1984. Ngome hii haina haja ya mtu kuisemea, maana imo katika kila kitabu. Nimekuja kuzisemea nyumba zisizo na wa kuzitaja.

Mji wa kale wa Amu ulitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika Turathi za Dunia. Kabla ya hapo wasanifu walikuwa wamepita mitaani wakipima na kuchora, na kazi yao ndiyo iliyotupa nguvu ya kusema. Lakini kaunti ya Lamu si mji wa Amu peke yake. Kuna Pate, Siyu, Faza, Shela, Witu, Kiunga. Ninachoomba ni orodha moja ya kaunti nzima, ichapishwe kwa Kiswahili, na mwenye nyumba aweze kuifungua akaiona nyumba yake.

Kwanza tukubaliane tunaandika nini. Uingereza walianza kazi kama hii mwaka 1908. Tume yao iliagizwa ishughulikie majengo ya kabla ya mwaka 1700, na juzuu ya kwanza, ya kaunti ya Hertfordshire, ikatoka 1910. Nyumba ya 1720, hata ingekuwa nzuri vipi, haikuwa na nafasi. Baadaye mpaka ulisogezwa hadi 1714, kisha 1850. Wakati huohuo juzuu zilizidi kunenepa na kuchelewa, na kaunti nyingi hazikufikiwa kabisa.

Sasa tazama kwetu. Tukisema tunataka majumba ya mawe ya karne ya 18 tu, tumeuacha Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa 1829. Tumeuacha msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh. Tumeziacha nyumba za udongo na makuti za mtaa wa Langoni, ambazo watu wamezaliwa na kuzikwa kutoka humo. Mimi nasema tusiweke mwaka wa mwisho. Na visima, birika za misikiti na makaburi yaingie pia.

Pili, fomu. Hapa ndipo kazi ilipo, na naomba mnivumilie. Chumba cha Amu ni chembamba kwa sababu kinafuata boriti: mti wa mkoko hauvuki vizuri zaidi ya kama mita mbili na nusu. Ndiyo maana misana, yaani vyumba virefu vyembamba, imepangwa mmoja nyuma ya mwingine, na sakafu inapanda kidogo kidogo kutoka kiwandani, yaani uani, mpaka ndani, kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Fomu inayouliza "vyumba vingapi" haijaiona nyumba hii. Iulize upana wa msana. Iulize boriti zilibadilishwa lini, na kwa mti gani. Iulize ukuta umepakwa chokaa au simiti, kwa sababu simiti hufungia unyevu ndani ya mawe ya tumbawe, chumvi ikapata kuisukuma lipu, na nakshi zikaanza kudondoka. Swali hilo moja litatuambia nyumba ipi ihudumiwe kabla ya masika.

Na nani ataingia ndani? Ndani ni stara ya watu. Tukiwatuma wanaume peke yao, tutarudi na michoro ya madaka, yaani baraza za mlangoni, na milango tu. Wapimaji wawe na mabinti zetu waliosomea ujenzi, na bibi mwenye nyumba aulizwe yeye mwenyewe: chumba hiki kilikuwa cha nani, arusi ilifanyika wapi, maiti alioshwa wapi. Majibu hayo yaandikwe pamoja na vipimo.

Yako ambayo hayatachapishwa. Mlango wa nakshi ukipigwa picha na kuonyeshwa uko nyumba gani, tumemwelekeza mnunuzi, na mwizi pia. Ramani ya ndani na majina ya warithi yabaki kwenye jalada. Kitabuni yaingie yale tu ambayo mwenye nyumba ameyaridhia.

Tusingoje juzuu moja nene. Tutoe mtaa kwa mtaa, kijiji kwa kijiji, na tuanze na visiwa vya mbali. Pate na Siyu ziende kwanza, maana Amu tayari ina wa kuitazama. Bara nayo isichelewe: tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe mwaka 2021, ardhi ya huko inatazamwa kwa jicho jingine.

Katiba ya 2010 iliiachia serikali ya taifa majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, lakini mipango ya ujenzi ni ya kaunti. Kwa hiyo nakala ya kwanza ya kila kijitabu iwe mezani kwa afisa anayetoa vibali vya kujenga na kubomoa, na kibali kisitoke kabla hajafungua ukurasa wa nyumba inayoombewa.