Seli Inayojila: Usafi wa Ndani na Kuzeeka kwa Kinywa

Ndugu wasikilizaji, tumezoea kusema kwamba meno ya mzee yameisha kwa kutumika, kana kwamba kinywa ni jembe linalolika kwa kulima. Kauli hiyo ni kweli nusu. Nusu iliyobaki imo ndani ya seli, ambazo kadiri umri unavyosonga huzidi kuelemewa na taka zake zenyewe.

Seli ina njia ya kujisafisha taka hizo, nayo huitwa otofajia, yaani kujila, jina alilolitoa mwanasayansi wa Ubelgiji Christian de Duve mwaka 1963. Utando wa tabaka mbili huizingira protini iliyoharibika au mitokondria, kinu cha nishati cha seli, iliyochoka, ukajifunga kama mfuko, kisha mfuko huo ukaungana na lisosomu, kifuko cha umeng'enyaji cha seli, ambamo vimeng'enya huvunjavunja kilichomo hadi kikawa malighafi ya kujengea upya. Mwanasayansi wa Japani Yoshinori Ohsumi aliifumbua kazi hiyo katika hamira, na mwaka 2016 akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Tuitazame odontoblasti, seli inayotengeneza dentini, tabaka gumu la jino lililo chini ya enameli. Seli ya shavu kwa ndani ikichakaa hubanduka, ikamezwa pamoja na mate, na nyingine ikashika nafasi yake. Odontoblasti haina bahati hiyo: ikishakomaa haigawanyiki tena, na hutarajiwa kudumu maadamu jino lingali hai. Usafi ukilegea, mabaki ya hudhurungi yaitwayo lipofusini hujilundika ndani yake mwaka baada ya mwaka.

Kwenye fizi mambo hugeuka. Bakteria Porphyromonas gingivalis, mshiriki mkubwa katika ugonjwa unaokula mfupa ulioshikilia meno, huweza kuingia katika seli na kujibanza ndani ya mfuko uleule wa usafi kabla haujafika kwenye lisosomu. Mwizi, kwa maneno mengine, amelala ndani ya gari la taka. Kukauka kwa mate, lakini, tusikimbilie kukuhusisha na otofajia, kwa kuwa kwa wazee wengi chanzo ni dawa wanazotumia.

Saratani ya kinywa ndiyo inayonifanya niwe mwangalifu zaidi. Otofajia husaidia kuzuia seli isiharibike hadi kufikia hatua hiyo, lakini uvimbe ukishaota huweza kuitumia kustahimili njaa na hata tiba. Kwa hiyo, ninapoulizwa kama tuiongeze otofajia kwa wazee, nami huuliza ni katika seli ipi, maana kinachoiokoa odontoblasti huenda kikaulisha uvimbe ulio karibu nayo.