Galaksi Haizaliwi Mpaka Gesi Ipoe
(Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa sekondari, Mtwara)

Ndugu walimu, na ninyi vijana, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili. Nalirudia kwa sababu bado nalikuta kwenye madaftari: "Galaksi ilitokea baada ya nguvu ya mvutano kukusanya gesi." Sentensi hiyo imekomea njiani. Mvutano unakusanya, sawa. Lakini gesi ikianguka kwa kasi na kugongana inapata joto, na gesi ya moto inasukuma kurudi nje. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, imezungukwa na halo, yaani tufe pana la maada giza isiyoonekana, yenye uzito wa Jua mara kama trilioni moja. Gesi inayoangukia humo hufikia nyuzi kama milioni moja. Nyota haizaliwi hapo. Nyota inataka wingu la baridi kali, karibu hasi 260 za sentigredi. Muulizeni mwanafunzi: joto lote hilo limekwenda wapi?

Limetoka kama mnururisho. Chembe zinagongana, sehemu ya nishati yao inageuka mwanga, na mwanga ukishatoroka haurudi. Msukumo unapungua, gesi inazama, inasongamana, inagongana zaidi na kupoa haraka zaidi. Mzunguko wake haipotezi kirahisi hivyo, ndiyo maana inatulia kama kisahani badala ya tufe. Maada giza, ambayo ni kama mara tano ya maada ya kawaida, haitoi mwanga, kwa hiyo imebaki imetanda huko nje. Hesabu hii ilifanywa mwaka 1977 na 1978 na wanaastronomia akina Rees, Ostriker, Silk, Binney na White. Haifai kukosekana darasani leo.

Atakuwepo wa kusema: si mwishowe itapoa tu? Haipoi yote! Katika kundi la galaksi la Perseus gesi ina makumi ya mamilioni ya nyuzi, na kwa sehemu kubwa ni nyembamba mno. Kupoa kwake kunataka muda mrefu kuliko umri wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8. Kwa hiyo kundi zima halikugeuka galaksi moja kubwa. Kuna mamia ya galaksi ndani ya bahari ya gesi moto.

Hapa kwetu ukitaja gesi, mtu anawaza gesi asilia ya Mnazi Bay na Madimba. Ile ni methani: kaboni na haidrojeni. Gesi ya mwanzo wa ulimwengu ilikuwa haidrojeni kama robo tatu kwa uzito, iliyobaki karibu yote heliamu. Kaboni haikuwepo, na kaboni ndiyo mpozaji hodari. Mawingu ya kwanza yalitegemea molekuli za haidrojeni, ambazo zikifika karibu nyuzi 200 za Kelvin (kama hasi 70 za sentigredi) zinachoka, hazipozi zaidi. Wingu lenye joto hilo halikatiki vipande vidogo, hivyo nyota za kwanza zilikuwa kubwa mno. Zilipolipuka zikamwaga kaboni na oksijeni, na vizazi vilivyofuata vikapoa vizuri zaidi.

Kuna kosa la pili. Ukiiachia gesi ipoe bila kizuizi ndani ya programu ya kompyuta, inageuka nyota karibu yote, tena mapema. Galaksi halisi hugeuza kuwa nyota kama sehemu moja ya tano ya fungu lake la gesi, na hizo ndizo zilizofanikiwa sana. Ndogo huvurugwa na supanova, yaani milipuko ya nyota kubwa. Kubwa hupashwa upya na shimo jeusi la katikati. Miaka bilioni 10 iliyopita nyota zilizaliwa kama mara kumi ya sasa.

Muda umeniishia, kwa hiyo Andromeda, galaksi kubwa jirani yetu, kwa kifupi: hesabu za mwaka 2025 zinaipa nafasi ya kama nusu kwa nusu kuungana na sisi ndani ya miaka bilioni 10. Msiwatishe watoto.

Mtakalolifanya wenyewe ni hili. Januari, saa nne usiku, mvua ikikatika, tokeni kwenye taa za mji mtazame kusini. Nyoosheni mkono, mpime ngumi tatu kutoka upeo wa macho: doa jeupe hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani, miaka ya nuru kama 160,000 kutoka hapa. Wingu Dogo liko chini zaidi, kulia. Yamekokota mkondo wa haidrojeni unaovuka zaidi ya nyuzi 100 za anga. Macho hayauoni, darubini za redio zinauona. Mkondo huo unaelekea kwetu, na unapokata gesi moto ya halo unachanika na kuchemka. Kitakachochemka itabidi kipoe upya ndipo kiwe nyota. Haya, maswali.