Saruji katika nyumba ya kukarabati: kosa huanzia kwenye maji

Ndugu zangu, mnanunua nyumba kuukuu, mnazikarabati, kisha mnazipangisha au kuziuza. Saruji huwaharibikia mara nyingi kwa sababu ya maji: yaliyojificha ukutani, yaliyozidishwa kwenye mchanganyiko, na yanayokosekana fundi akishaondoka.

Tuanze na ukuta. Lipu ikimeguka karibu na sakafu, msipige nyingine juu yake. Bandikeni kipande cha nailoni ukutani, mzibe kingo zote kwa utepe, mkiache siku mbili. Matone yakitokea upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka humo: bomba linavuja, udongo umerundikana nje, au msingi hauna kizuizi cha unyevu. Yakitokea upande wa chumba, shida ni hewa isiyozunguka, na hapo saruji haisaidii kitu.

Ufa nao usizibwe kabla ya kujua kama bado unapanuka. Chora alama mbili za penseli, moja kila upande, pima umbali kwa milimita, kisha pima tena baada ya wiki kadhaa. Ufa unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali mara nyingi ni dalili ya msingi unaotitia; huyo ni mgonjwa wa mhandisi, si wa fundi lipu.

Lipu ya zamani igongwe kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama debe tupu, tindua mpaka kwenye tofali, ondoa vumbi kwa brashi, kisha lowesha ukuta bila kuacha maji yakitiririka. Tofali kavu hunyonya maji ya lipu kabla saruji haijashika, na lipu hiyo hubanduka vipande vipande.

Kwa lipu ya ndani, ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 5 za mchanga inatosha. Pimeni kwa ndoo, maana koleo moja huchota zaidi na jingine kidogo. Mfuko wa kilo 50 hupiga mita za mraba 10 hivi kwa unene wa milimita 15. Wengi hudhani kuongeza saruji ni kuongeza uimara. Lipu kali mno husinyaa na kupasuka nyufa ndogondogo. Changanyeni kiasi kitakachoisha ndani ya saa moja. Kilichoanza kuganda kitupwe, kisirudishiwe maji.

Kwenye zege, maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, ukihesabu na unyevu wa mchanga. Fundi atataka zaidi kwa kuwa zege jepesi humwagika bila kusumbua, lakini maji ya ziada yakishatoka huacha vitundu, na zege linakuwa dhaifu. Avae glavu na buti: saruji mbichi huunguza ngozi taratibu, bila maumivu ya kumshtua mapema.

Sasa jambo ambalo naomba mlishike sana. Saruji haipati nguvu kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji. Ikikaushwa na jua siku ya kwanza, uso wake hubaki unga unaofutika kwa kiganja. Imwagilieni siku 7, au ifunikeni kwa magunia mabichi. Rangi isubiri siku 28, hasa ya mafuta, kwani ukali wa saruji mpya huila ikababuka.

Kwa hiyo kwenye mkataba, siku hizo 7 ziandikwe kama kazi yenye malipo na jina la mtu wa kumwagilia, na fundi amaliziwe fedha zake baada ya siku hizo, lipu ikishagongwa tena.